Dola za Dhahabu za Marekani, 1795 hadi 1834: Mwongozo Kamili wa Kutambua Sarafu Uliyo Nayo

Swali linalorudi kwa wasomaji ni lile lile: "Nina dola 5 ya dhahabu ya Marekani ya mwaka 1810, inauzwaje?" Likiulizwa hivyo halina jibu. Dola 5 za 1810 zipo za namna nne. Moja hupatikana bila shida kwa mwenye fedha, na mbili ni adimu kiasi kwamba wakusanyaji wakubwa huzisubiri miaka mingi. Zote nne zina mwaka uleule, kichwa kilekile na tai yuleyule.

Wengi hukwama kwa sababu huanzia kwenye mwaka, kisha wanakwenda moja kwa moja kutafuta bei. Mwaka husomwa baada ya mambo mengine matatu. Fuata hatua zilivyopangwa, usiruke hata moja, na mwishoni utaweza kusema sarafu yako ni ipi hasa na kama inafaa kuaminiwa.

Tunazungumzia dhahabu iliyopigwa katika Kiwanda cha Sarafu cha Philadelphia kuanzia 1795 hadi katikati ya 1834: dola 10, dola 5, na dola mbili na nusu. Dola 5 ndiyo nitakayoikalia zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyopigwa kwa wingi na ndiyo inayowachanganya watu.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kioo cha kukuzia mara 5 au 7 kwa kuangalia sarafu nzima, na kingine cha mara 10 kwa alama ndogo.
- Mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.001. Ya 0.01 inatosha kwa uzito, lakini haitoshi kwa kipimo cha maji nitakachokieleza.
- Kalipa ya plastiki. Ya chuma hukwaruza dhahabu.
- Taa ya mezani unayoweza kuisogeza, ili mwanga uje kwa upande.
- Kitambaa laini, kinene, cha kutandika mezani.
- Kikombe kidogo cha plastiki, maji safi yasiyo na chumvi, na uzi mwembamba.
- Simu yenye kamera nzuri.
- Picha za kulinganishia. Tovuti ya CoinFacts ya PCGS, kampuni ya Marekani inayothibitisha sarafu na kuzipa daraja, iko wazi bila malipo, na nyumba za mnada kama Heritage Auctions na Stack's Bowers zimehifadhi picha za sarafu nyingi sana walizouza.
- Daftari.

Weka mbali brashi, dawa ya meno, ndimu, majivu, na dawa yoyote ya kung'arishia vyombo. Utaona sababu.

## Hatua ya 1: Ishike vizuri, na usiisafishe

Shika sarafu kwa ukingo tu, kidole gumba upande huu na cha shahada upande ule, juu ya kitambaa. Dhahabu ya karati 22 ni laini. Ikidondoka kwenye sakafu ya saruji, alama itakayopata haitoki.

Usiisugue hata kidogo. Uso wa sarafu ya zamani una rangi na mng'aro uliojengeka kwa miaka mia mbili, na huo ndio wataalamu wanaouangalia kwanza. Ukiing'arisha, unatoa tabaka jembamba la dhahabu na kuacha mikwaruzo mingi myembamba inayoelekea upande mmoja. Sarafu ya namna hiyo hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa dakika chache, na hakuna fundi atakayeirudisha.

Onyo: Usimpe sonara aisugue kwenye jiwe lake wala kuitonea asidi. Hiyo ndiyo njia yake ya kawaida ya kupima pete na bangili, na kwa pete haina ubaya. Kwa sarafu ya 1803 ni uharibifu. Mwombe mizani yake tu.

Umefaulu ikiwa: sarafu iko juu ya kitambaa, kavu, na hujaigusa usoni.

## Hatua ya 2: Pima uzito, kipenyo na ujazo

Kipimo kinatangulia macho kwa sababu macho yanadanganyika haraka. Viwango vya sheria ya 1792 ni hivi:

- Dola 10: gramu 17.50, milimita 33 hivi.
- Dola 5: gramu 8.75, milimita 25 hivi. Kuanzia 1829 kipenyo kilipunguzwa, kikawa chini ya 24.
- Dola mbili na nusu: gramu 4.37, milimita 20 hivi. Zile za 1821 hadi 1834 ni ndogo zaidi, 18 na kidogo.

Sarafu iliyotembea sana mikononi itapungua kidogo. Dola 5 iliyochakaa ikisoma 8.65, usishtuke. Ikisoma 8.36, simama. Huo ni uzito uliowekwa na sheria ya tarehe 28 Juni 1834, na sarafu yenye mwaka kama 1811 haiwezi kuwa nao.

Kisha kipimo cha maji. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi, iteremshe mpaka izame yote bila kugusa chini wala pembeni, kisha soma namba. Gawa uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Dola 5 halali ya gramu 8.75 itasoma karibu 0.495, na jibu litakuwa 17.7. Chochote kati ya 17.4 na 17.9 kinakubalika kwa dhahabu hii iliyochanganywa na shaba na fedha kidogo.

Hapo utaelewa kwa nini nilisisitiza mizani ya 0.001. Kwa mizani ya 0.01 utasoma 0.49 au 0.50, na kosa dogo la kuisogeza hadi 0.51 linakupa 17.2, ukaikataa sarafu nzuri. Ukimaliza, iweke juu ya kitambaa ikauke yenyewe.

Onyo: Kipimo hiki kinathibitisha chuma, hakithibitishi sarafu. Wapo wanaoghushi kwa dhahabu halisi ya karati 22, kwa sababu dola 5 nzima ina dhahabu safi ya gramu 8 tu, na faida yao iko kwenye bei ya mkusanyaji. Aliyefaulu hatua hii hajamaliza.

Kama sarafu imefungwa ndani ya kasha la plastiki la PCGS au la NGC, kampuni nyingine ya kazi hiyohiyo, usilivunje ili upime. Nenda hatua ya 3.

## Hatua ya 3: Tambua sura yake kubwa

Funika mwaka kwa kidole. Angalia kichwa, kisha geuza uangalie tai. Sura za dola 5 ni tano tu katika kipindi chetu.

Kichwa kinatazama kulia, tai mdogo (1795–1798). Mwanamke anayewakilisha Uhuru amevaa kofia ndefu ya kitambaa, na neno LIBERTY liko juu mbele yake. Nyuma kuna tai mwembamba aliyesimama juu ya tawi la mtende, ameshika shada mdomoni. Mchongaji alikuwa Robert Scot.

Kichwa kinatazama kulia, tai mwenye ngao (hadi 1807). Mbele ni ileile. Nyuma, tai amejaa uwanja, ana ngao kifuani na utepe wenye E PLURIBUS UNUM, na juu yake kuna mawingu na nyota. Mishale iko kwenye ukucha wa kushoto kwako.

Kichwa na mabega vinatazama kushoto (1807–1812). Kazi ya John Reich. LIBERTY sasa imeandikwa kwenye utepe wa kofia, nyota saba ziko kushoto na sita kulia. Nyuma, mishale imehamia kulia kwako, na chini kabisa pameandikwa 5 D. Kabla ya hapo dhahabu ya Marekani haikuwa na thamani iliyoandikwa popote. Watu waliipokea kwa ukubwa na uzito wake.

Kichwa peke yake kinatazama kushoto, kikubwa (1813–1829). Mabega yameondoka, nyota zimekizunguka kichwa chote.

Hichohicho, kipenyo kidogo (1829–1834). Ukingo ni nadhifu zaidi, umeinuka sawasawa pande zote.

Ukiona kichwa kisicho na kofia, chenye nywele zilizofungwa utepe, na nyuma hakuna maneno E PLURIBUS UNUM, hiyo ni sura ya William Kneass ya 1834 hadi 1838, iliyopigwa chini ya sheria mpya. Ni sarafu nzuri, lakini siyo ya kundi hili.

Dola 10 ni rahisi zaidi: tai mdogo 1795 hadi 1797, tai mwenye ngao 1797 hadi 1804, kisha hazikupigwa tena hadi 1838. Anayekuuzia dola 10 ya 1812 anakuuzia kitu ambacho hakikuwahi kuwepo.

Kwa dola mbili na nusu, zingatia mbili. Za kwanza za 1796 hazina nyota yoyote upande wa kichwa. Na sura ya Reich kwenye thamani hii ilipigwa mwaka mmoja tu, 1808, sarafu 2,710. Kila anayekusanya sarafu moja ya kila sura lazima aipate hiyo, ndiyo maana bei yake iko juu kuliko ya sarafu nyingine zilizo adimu sawa nayo.

Umefaulu ikiwa: umeitaja sura kabla hujaondoa kidole kwenye mwaka, na mwaka ulipofunuliwa ukaangukia ndani ya kipindi chake.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa makini hapa. Sarafu yenye mwaka 1795 na tai mwenye ngao ipo, na ni halali. Chuma kizuri cha mihuri, yaani vyuma vilivyochongwa vya kugongea sarafu, kilikuwa ghali, kwa hiyo muhuri wa kichwa wenye mwaka 1795 uliwekwa akiba ukatumika miaka ya baadaye pamoja na tai mpya. Kwa sababu hiyohiyo, usichukue idadi iliyoandikwa ya sarafu za mwaka fulani ukadhani zote zilibeba mwaka huo.

## Hatua ya 4: Hesabu nyota

Zihesabu mara mbili, mbele na nyuma, kwa kioo. Anza nyota ya chini kushoto, karibu na mwaka, uende kama saa inavyozunguka. Wataalamu wote huhesabu hivyo, na ukisoma maelezo yanayosema "nyota ya 8" utajua ni ipi.

Sababu ya nyota kubadilika ni majimbo. Dola 5 za 1795 zina nyota 15 kwa majimbo 15. Tennessee ilipojiunga mwezi Juni 1796 zikawa 16. Kiwanda kikaona kwamba kila jimbo jipya litakula nafasi, kikarudi kwenye 13 za makoloni ya kwanza. Ndiyo maana dola 5 za 1797 zenye tai mdogo zipo za nyota 15 na za nyota 16, na lazima useme yako ni ipi.

Mgawanyo nao una maana. Andika hivi: kushoto ngapi, kulia ngapi. Dola 10 ya 1798, ambayo 8 yake imechongwa juu ya 7, ipo yenye nyota 9 kushoto na 4 kulia, na ipo yenye 7 kushoto na 6 kulia. Ile ya 7 na 6 ni adimu zaidi kwa mbali.

Nyuma nako kuna mitego. Dola mbili na nusu ya 1804 hupatikana na nyota 13 juu ya tai au nyota 14. Mtu huona 14 akadhani ameokota kosa la thamani kubwa. Kinyume chake ndicho kweli: ya 14 ndiyo ya kawaida, ya 13 ndiyo inayotafutwa. Muhuri huohuo wa nyota 14 ulitumika pia kwenye senti 10 za fedha, kwa kuwa haukuwa na thamani iliyoandikwa. Ukikuta nyuma yenye nyota 14 lakini uzito ni gramu 2.7 hivi, una senti 10 iliyopakwa dhahabu.

Kwenye dola 10 ya 1795 hesabu pia majani ya tawi la mtende analosimamia tai. Ya kawaida ina majani 13. Yenye majani 9 ni miongoni mwa zinazosakwa sana katika dhahabu yote ya Marekani. Usikadirie: hesabu ncha, moja moja, ukiigeuza taa.

## Hatua ya 5: Sasa soma mwaka

Tarakimu zilipigwa kwenye muhuri moja moja kwa mkono, kwa nyundo. Muhuri wa mwaka uliopita usiotumika uliweza kupigwa tarakimu mpya juu ya ile ya zamani, na mabaki ya ile ya chini yakabaki yanaonekana.

Tega taa chini kabisa, mwanga ulale juu ya sarafu. Tazama ndani ya matundu ya 8, 6 na 9, na pembeni mwa shina la kila tarakimu. Kipande cha tarakimu ya chini huonekana kama ukingo ulioinuka.

Onyo linalookoa fedha nyingi: dola 5 *zote* za 1802 zina 2 juu ya 1. Zote za 1803 zina 3 juu ya 2. Zote za 1809 zina 9 juu ya 8. Muuzaji anayeongeza bei kwa sababu "tarakimu imepigwa juu ya nyingine" kwenye miaka hiyo anakulipisha kitu ambacho kila mtu anacho. Tofauti hiyo huongeza thamani kwenye mwaka ambao namna zote mbili zipo, kama 1808, ambapo kuna 8 juu ya 7 na kuna 8 safi.

Halafu umbo la tarakimu lenyewe. Chukua dola 5 ya 1806. Tazama ncha ya juu ya 6. Ikiishia kama mkuki, hesabu nyota: zitakuwa 8 kushoto na 5 kulia. Ikiishia na kifundo cha mviringo, nyota ni 7 kushoto na 6 kulia. Alama hizo mbili huenda pamoja, moja ikithibitisha nyingine. Ukikuta kifundo cha mviringo na nyota 8 kwa 5, usiinunue mpaka mtaalamu aione. Ile ya kifundo ndiyo ya kawaida, na ni chaguo zuri sana kwa anayetaka sarafu moja tu ya Scot yenye tai wa ngao.

Kwa 1810 unasoma vitu viwili: mwaka mbele, na 5 ya 5 D. nyuma. Mwaka mkubwa na 5 kubwa ni ile ya kawaida. Mwaka mdogo na 5 ndefu hupatikana. Palipo na 5 ndogo, iwe mwaka ni mkubwa au mdogo, hapo ndipo uadimu ulipo. Ukubwa wa tarakimu hauonekani ukiwa na sarafu moja tu mkononi, kwa hiyo weka picha mbili za sarafu zilizothibitishwa kando yake, uzikuze ziwe na kipenyo sawa, kisha ulinganishe.

Na dola 10 ya 1804: angalia mkono wa 4. Zile zilizopigwa wakati wake zina kijiti kidogo cha wima mwishoni mwa mkono. Zisizo na kijiti zilitengenezwa miaka ya 1834 na 1835 kwa ajili ya masanduku ya zawadi za kidiplomasia. Sanduku moja liliandaliwa kwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat na Zanzibar, baada ya mkataba wa 1833 uliofanikishwa na mjumbe Edmund Roberts. Jingine lilikuwa la mfalme wa Siam. Chache mno zimebaki, na karibu zote zinajulikana ziliko, kwa hiyo yeyote anayekuletea moja mkononi amekuletea nakala.

## Hatua ya 6: Soma nafasi, upate jozi ya mihuri

Hapa ndipo wasomaji wengi huniandikia kwamba wameshindwa, na ndipo penye utamu wote.

Nyota, herufi na tarakimu vilipigwa kwa mkono kwenye kila muhuri, kwa hiyo hakuna mihuri miwili inayolingana kabisa. Muhuri mmoja wa kichwa ukikutana na mmoja wa tai, hiyo ni jozi. Kila jozi ya dhahabu ya kipindi hiki imepewa namba inayoanza na BD, herufi za Harry Bass na John Dannreuther waliozipanga. Dola 5 za 1795 zenye tai mdogo, kwa mfano, zina jozi 12, BD-1 hadi BD-12.

Usijaribu kulinganisha sarafu nzima kwa mkupuo. Macho huchoka, na ubongo huanza kuona unachotaka kuona. Chagua alama tano tu na uziandike kabla hujafungua picha yoyote:

1. Tarakimu ya kwanza ya mwaka iko umbali gani na shungi la nywele? Imeligusa?
2. Tarakimu ya mwisho imegusa kifua, au pana nafasi?
3. Nyota ya kwanza na ya mwisho: ncha zake zinaelekea wapi? Kuna iliyogusa nywele au kifua?
4. Herufi Y ya LIBERTY iko karibu na nyota kiasi gani?
5. Nyuma: ncha za mabawa na za majani zinaelekea kwenye herufi ipi ya UNITED STATES OF AMERICA? Kwa tai wa ngao, hesabu pia matunda madogo kwenye tawi la mzeituni.

Kisha fungua picha za mwaka na sura yako, uondoe zisizolingana moja baada ya nyingine. Anza na upande wa kichwa mpaka ubaki na mihuri miwili au mitatu, ndipo ugeukie tai. Alama inayofaa ni ile inayogusana au isiyogusana. "Iko karibu" ni alama dhaifu, kwa sababu uchakavu huongeza nafasi.

Mstari *ulioinuka* unaopita kwenye uwanja au kukata herufi ni ufa wa muhuri: chuma cha muhuri kilipasuka, dhahabu ikaingia. Ufa hukua kadiri muhuri unavyotumika, lakini haubadilishi mahali, kwa hiyo ni shahidi mzuri kuliko wote. Ukiuona mahali palepale kwenye picha ya sarafu iliyothibitishwa, umefika.

Kando ya namba ya BD utakuta kipimo cha uadimu kuanzia R-1 hadi R-8. R-4 maana yake zinakadiriwa kubaki sarafu 76 hadi 200, R-6 ni 13 hadi 30, R-8 ni moja hadi tatu. Lakini uadimu wa jozi peke yake haupandishi bei sana. Wanaokusanya kwa jozi ni wachache, na wengi hununua kwa mwaka na kwa zile namna zinazoonekana bila kioo. Jozi ya R-6 ya mwaka wa kawaida inaweza kuuzwa kwa nyongeza ndogo tu, na kwa mnunuzi anayejua kusoma hiyo ni nafasi nzuri.

Umefaulu ikiwa: alama zote tano zimekubali namba moja ya BD. Nne kati ya tano haitoshi. Rudia, au tafuta jozi nyingine.

## Hatua ya 7: Tenga cha kiwandani na cha baadaye

Kilichoinuka kwa kawaida kimetoka kwenye muhuri. Kilichozama kina asili mbili.

Vipande vya dhahabu vilivyokuwa vizito kupita kiwango vilipigwa tupa kabla ya kugongwa. Tupa iliacha mistari sambamba, na kugongwa hakukuifuta yote, hasa ukingoni na mahali pa juu pa mchoro. Mistari hiyo ni ya kuzaliwa nayo, na wataalamu hawaihesabu kama uharibifu, ingawa ikikatiza usoni mnunuzi atapunguza bei.

Mkwaruzo wa baadaye hupita juu ya kila kitu bila kujali, na pembeni mwake pana kijitonge cha dhahabu iliyosukumwa. Ukiona hivyo kwa kioo cha mara 10, ni jeraha.

Kagua ukingo wote polepole. Unatakiwa uwe na mistari ya wima mfululizo. Sarafu nyingi za aina hii ziliwahi kuwa mikufu na vifungo. Dalili ni sehemu ya ukingo iliyolainika, kwa kawaida juu ya kichwa, au doa la rangi tofauti lililojazia tundu. Iliyowahi kuwa pambo hupata cheti kisicho na daraja la namba, na huuzwa chini sana ya nzima. Kwa mwenye bajeti ndogo siyo mbaya, mradi alipe bei ya iliyoharibika.

## Hatua ya 8: Tafuta dalili za kughushi

Iliyomiminwa kwenye kalibu ina herufi zenye mabega ya mviringo, vipele na vitundu vidogo, na pengine mshono ukingoni. Hiyo unaikamata haraka.

Hatari ni ile iliyogongwa kwa mihuri iliyonakiliwa kutoka sarafu halisi. Nakala hubeba majeraha ya mama yake: kishimo kilekile shavuni, mkwaruzo uleule chini ya bawa, kwenye kila kipande. Kwa hiyo tafuta picha za sarafu nyingine za jozi hiyo. Zikilingana mihuri, vizuri. Zikilingana hadi *vidonda*, mojawapo au zote ni bandia.

Na kama hatua ya 6 haikukupa jozi yoyote, hiyo peke yake ni onyo kubwa. Jozi mpya za kipindi hiki hazigunduliwi kila siku.

## Hatua ya 9: Hakiki cheti

Usinunue dhahabu ya kabla ya 1834 isiyo na kasha la PCGS au NGC. Nasema hivyo bila kulegeza, hata kwa muuzaji unayemfahamu.

Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni husika. Kisha fanya ambalo wengi hawalifanyi: linganisha picha ya pale na sarafu iliyo mbele yako, mstari wa tupa kwa mstari wa tupa. Makasha hughushiwa, na wanaoghushi hunakili namba za kweli. Hawawezi kunakili mikwaruzo.

Lebo mara nyingi hutaja mwaka na namna kubwa tu, bila BD. Huo ndio upenyo wako. Sarafu imeshathibitishwa kuwa halali, na jozi yake hakuna aliyeisoma.

## Hatua ya 10: Nunua kwa mpangilio, na uandike

Anza na dola 5: moja ya Scot yenye tai wa ngao, kama 1803 au 1806 ya kifundo, kisha moja ya Reich, kama 1807 ya kichwa cha kushoto au 1810 ya kawaida. Hata zilizochakaa kiasi zitakugharimu maelfu kadhaa ya dola kila moja, kwa hiyo ulizia na ushuru wa nchi yako kabla hujalipa.

Zile za 1813 hadi 1834 ziache kwanza, isipokuwa chache kama 1813 yenyewe. Dhahabu iliyomo ilizidi thamani ya dola 5 sokoni, zikasafirishwa nje na kuyeyushwa kwa wingi. Hesabu za kiwanda zinasema 17,796 zilipigwa mwaka 1822, na zinazojulikana leo ni tatu. Mbili ziko katika makumbusho ya Smithsonian, na ya tatu iliuzwa kwa dola milioni 8.4 Machi 2021.

Kwa kila sarafu fungua ukurasa: sura, mwaka, mgawanyo wa nyota, zile alama tano, namba ya BD, namba ya cheti, tarehe, bei, na aliyekuuzia. Piga picha pande zote mbili na ukingo, mwanga ukiwa upande uleule kila mara. Hifadhi sarafu mahali pakavu, na kama uko pwani weka pakiti za kunyonya unyevu ndani ya boksi, uzibadilishe zinapochoka. Daftari na nakala ya picha zikae nyumba nyingine, mbali na sarafu.